Maswali Yenu: Mafuta ya Mti wa Chai

Wiki hii meseji nyingi zimehusu kile kichupa cha kahawia kilichoandikwa "Tea Tree Oil". Nimechagua tano.

Naishi Lushoto, chai imetuzunguka. Haya mafuta yanatoka kwenye chai yetu?

Hapana, jina ndilo linalopotosha. Mti huu, kitaalamu *Melaleuca alternifolia*, kwao ni Australia, kwenye maeneo chepechepe ya kaskazini mwa New South Wales na kusini mwa Queensland. Wenyeji wa huko, Wabundjalung, waliponda majani yake wakayabandika kwenye vidonda, na waliposhikwa na mafua walivuta harufu yake. Habari ya chai ilianza na mabaharia wa James Cook, karne ya 18, waliochemsha majani ya vichaka vya jamii hiyo wakanywa. Miaka ya 1920 mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, aliyapima mafuta haya akakuta yanaua vijidudu kuliko asidi ya kaboliki iliyotumika sana enzi hizo.

Ndugu zake, hata hivyo, huenda unao uani: mkaratusi, mpera, mzambarau na mkarafuu ni ukoo mmoja naye. Fikicha jani la mkaratusi ulinuse, utapata picha ya ukali wake. Na siku hizi wakulima wadogo wa karibu na Nanyuki, Kenya, wanaulima. Majani na vijitawi hupitishiwa mvuke wa maji moto. Mvuke ukipozwa, mafuta huelea juu ya maji yakakingwa.

Dada, binti yangu ana miaka 16. Anajipaka kwenye chunusi kutoka kichupani na sasa mashavu yamebabuka. Aendelee?

Pole sana, mama. Aache leo hii, aoshe uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ngozi ipumzike mpaka ipone kabisa. Wekundu ukizidi au malengelenge yakitoka, mpeleke kwa daktari.

Mafuta yenyewe si mabaya. Mwaka 1990, huko Australia, watu 124 wenye chunusi walijaribiwa: wengine jeli ya mafuta haya, wengine dawa ya chunusi iitwayo benzoili peroksaidi. Zote zilisaidia. Ya mti wa chai ilichelewa kuleta matokeo, ila haikuwasumbua ngozi kama ile nyingine. Lakini jeli ile ilikuwa na mafuta haya asilimia 5 tu, na binti yako anapaka asilimia 100!

Kijiko cha chai hubeba kama matone 100. Kwa hiyo kijiko kimoja cha losheni isiyo na manukato, matone 5, koroga vizuri. Kwanza apake kidogo ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima. Pakiwasha, hayamfai, asilazimishe. Kwa uso wenye chunusi nisingechanganya na mafuta ya nazi, maana huziba vinyweleo.

Mba je?

Hapa nayapendekeza kwa moyo mweupe. Shampuu ya asilimia 5, iliyojaribiwa kwa wiki 4, ilipunguza mba kwa asilimia 41, wakati shampuu isiyo na mafuta haya iliishia 11. Iache kichwani dakika 3 kabla ya kusuuza.

Nina fangasi katikati ya vidole vya miguu, nilinunua haya badala ya dawa. Nimekosea?

Yanapunguza muwasho na harufu, ila yakichanganywa hafifu fangasi yenyewe hubaki. Nenda duka la dawa uchukue krimu ya fangasi, ukaushe vidole kila unapooga. Na hicho kichupa kama kimekaa wazi dirishani miezi mingi, kitupe: hewa na mwanga huyageuza mafuta, na yaliyogeuka ndiyo yanayoleta mzio zaidi.

Mjukuu wangu ana kifua. Jirani kaniambia nimlambishe tone moja kwenye asali.

Shikamoo bibi. Tafadhali usimpe, hata tone. Mafuta haya hayanywewi na mtu yeyote. Watoto waliomeza kiasi kidogo tu wamelegea, wakayumba kama walevi, wengine wakapoteza fahamu. Ikitokea amemeza, usimtapishe; mbebe hospitali na kichupa mkononi, daktari akione. Kifua akitazame mhudumu wa afya, na kichupa kiweke juu asikokifikia.