Kabla ya Kuongeza Lugha Nyingine ya Kigeni Skulini

Mwaka jana nilialikwa katika kikao cha kamati ya skuli moja ya msingi hapa Pemba, mwendo mfupi kutoka Chake Chake. Kiingereza na Kiarabu vimo katika ratiba tangu zamani, lakini wazazi walikuwa wamekubaliana kuchangishana fedha za mwalimu mmoja wa ziada wa lugha, na walitaka kujua fedha hizo ziende wapi. Mjumbe mmoja, ambaye mwanawe anafanya kazi hotelini Kiwengwa, alitaka Kiitaliano. Kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Unguja alitaka Kichina. Bi mmoja mwenye jamaa Ngazija, kisiwa cha Komoro, alitaka Kifaransa, na wazee wawili waliokaa karibu na mlango walisema Kiarabu kinatosha, kisha wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hoja zote zilikuwa nzuri. Katika saa nzima ya mazungumzo, hata hivyo, hakuna aliyeuliza ni nani atakayesomesha, wala mtoto ataisikia wapi lugha hiyo akishatoka darasani.

Nimekuwa mwalimu wa skuli za msingi kwa miaka 31, na kosa la kutouliza maswali hayo nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa nikisomesha katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, mfadhili mmoja aliyekuwa na uhusiano na hoteli alituletea mwalimu wa Kiitaliano, dada mchangamfu aliyekuja na makasha matatu ya vitabu vyenye picha za rangi. Watoto waliipenda lugha ile kwa sababu maneno yake mengi huishia na irabu kama yetu, na ndimi zao hazikupata taabu kutamka *pane*, *mare* na *tavola*. Mimi ndiye niliyemshawishi mwalimu mkuu apunguze vipindi vya Kiarabu ili dada yule apate nafasi. Ilipofika masika na hoteli zikafungwa, aliondoka, na msimu uliofuata hakurudi. Makasha yalibaki stoo, mchwa wakaanza na lile la chini. Kilichobaki kwa watoto kilikuwa *ciao*, neno ambalo papasi yeyote, yaani kijana anayewafuata watalii, angewafundisha ufukweni bila ya kudai kipindi.

Hoja ya watalii, kwa hiyo, naiheshimu lakini siiamini sana. Watalii hubadilika kuliko mitaala. Wanaoishi pwani wanakumbuka namna Waitaliano walivyotoweka ghafla mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga safari, na namna fukwe zilivyojaa Warusi na Waukraini miezi michache baadaye, hata vijana wa Nungwi na Paje wakaanza kuamkiana kwa Kirusi. Vita vilipoanza Februari 2022, mamia ya Waukraini walikwama hapa Zanzibar, na ndege za kukodi kutoka Urusi zikakatika. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza msimu wa Waitaliano angemaliza darasa la sita katika msimu wa watu wengine kabisa. Kijana wa miaka kumi na minane anayeajiriwa mapokezi anaweza kujifunza lugha ya wageni waliopo kwa miezi kadhaa ya bidii, kwa sababu mshahara wake unamsukuma. Hiyo ni kazi ya mafunzo ya hoteli, na sioni kwa nini mtoto wa miaka minane abebeshwe.

Kuna na hesabu ambayo nawasihi wanakamati waifanye kwa kalamu. Lugha mpya ikipewa vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, na tukikadiria wiki 38 za masomo, mtoto atapata saa 50 na dakika arubaini kwa mwaka mzima, ndani ya darasa ambalo, kama langu la mwisho, lina watoto 73. Mtoto huyohuyo akitoka skuli huenda chuoni, yaani madrasa ya Qurani, kwa ustadh, na tukisema hukaa huko saa mbili kwa siku, siku tano za wiki, basi wiki tano za chuoni zinalingana na mwaka mzima wa lugha mpya. Saa zile anazipitisha na herufi za Kiarabu. Anazijua tangu hajaijua a-e-i-o-u ya skuli, na matamshi ya ‘ain na ha, ambayo humtoa jasho Mzungu aliyesoma chuo kikuu, yeye huyatoa huku akisinzia.

Kitu kimoja tu ndicho kinachokosekana, nacho ni maana. Hapa sitaki kumlaumu ustadh, kwa sababu kazi aliyopewa na wazazi ni kumsomesha mtoto asome kwa usahihi, na anaifanya. Mimi mwenyewe nilihitimu msahafu kabla sijafika darasa la sita, na biriani ililiwa. Miaka mingi baadaye nilikwenda Muscat kumtazama shangazi yangu, ambaye nyumbani kwake kila mtu alizungumza Kiswahili kuanzia sebuleni hadi jikoni. Usiku mmoja akashikwa na homa, nikatumwa duka la dawa. Mbele yangu mteja alikuwa akizungumza Kiarabu na mfamasia, Mhindi wa Kerala, bila ya taabu yoyote. Zamu yangu ilipofika nilizipekua juzuu zote thelathini kichwani nisiambulie sentensi hata moja ya kuombea kitu dukani, nikaishia kusema Kiingereza. Niliporudi shangazi alicheka mpaka homa ikapungua. “Mwanangu, *dawa* Kiarabu, na *homa* Kiarabu. Ungeyasema yote mawili tu, angekuelewa.”

Tangu siku hiyo niliacha kukiona Kiarabu kuwa lugha ya kigeni kwa maana ileile ambayo Kifaransa ni kigeni kwetu. Nilianza kuwaandikia watoto ubaoni maneno matatu, *kitabu*, *katibu* na *maktaba*, nikiwauliza yanafanana wapi. Mara ya kwanza darasa zima lilinitolea macho, kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hakunyanyua mkono, akasema: “Yote yana ka, ta, ba.” Hiyo ndiyo sarufi ya Kiarabu, ambayo huyajenga maneno mengi juu ya mzizi wa herufi tatu, na ameipata kwa kutazama Kiswahili chake. Baada ya hapo tulikwenda kwenye *hesabu* na *mhasibu*, *darasa* na *madrasa*, *elimu* na *mwalimu*. Wakati mwingine nilichukua Suratu Quraish, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua kwa moyo, nikawauliza *khauf* ni nini. Ni *hofu*, ile yetu ya kila siku. *Bait* ni nyumba, *shitaa* ni majira ya baridi. Sura ya aya nne ikawapa maneno matano au sita ambayo walikuwa wakiyatamka kwa miaka bila ya kuyajua.

Undugu huu wa maneno una mitego yake, na mwalimu asiyeijua mitego hiyo atawapoteza watoto. Sisi tukiomba kitu husema tafadhali, lakini Mwarabu husema *tafadhal* anapokukaribisha au kukupa kitu, kwa hiyo mtoto anayeomba maji kwa neno hilo huonekana kana kwamba anayagawa. *Istiraha* kwao ni mapumziko, na starehe yetu sote tunajua imefika wapi. Isitoshe, Kiarabu cha vitabuni si kile cha sokoni Muscat wala Cairo, na mzazi asiahidiwe kwamba mtoto atavizungumza vyote akimaliza darasa la sita. Mahali penye watoto wa Kikristo, kipindi cha lugha kianzie kwenye maneno ya nyumbani na dukani na kisigeuzwe kuwa kipindi cha dini, kwani *kalamu* na *sahani* ni za kila mtu.

Kuhusu Kifaransa, nilimwambia yule bi kwamba hoja ya Ngazija ina uzito, ila Kiarabu nacho ni lugha rasmi ya Komoro, na kwa kuzungumza na jamaa zake Kiswahili chetu na Kingazija chao havikai mbali. Kichina nakipa heshima yake, maana madaktari wa China wamekuwa wakija visiwani tangu miaka ya 1960, na hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani imejengwa upya kwa msaada wao. Mtoto anayejifunza hati mbili kwa pamoja, hata hivyo, asiongezewe ya tatu yenye maelfu ya alama.

Kuna hali moja ninayoitoa katika hayo yote, na niliisema wazi kikaoni. Kama kijijini kwenu yupo mtu aliyeisoma lugha fulani vizuri, mathalan aliyepitia Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na mtu huyo ana nyumba, ana shamba lake la mikarafuu, na watoto wake wanasoma skuli hiyohiyo, basi mchukueni na lugha yake, hata ikiwa ni Kiitaliano, kwa sababu atakuwepo masika na atakuwepo kiangazi. Mwalimu wa kuja na kuondoka, hata angekuwa bure, atawagharimu vipindi vya watoto ambavyo havirudi.

Kamati iliamua kumwajiri binti wa hapohapo kijijini aliyesomea ualimu wa Kiarabu, na ikakubaliana na ustadh wa chuo kwamba kila wiki maneno matano ya sura wanayoisoma watoto yaelezwe maana. Mjumbe wa Kiwengwa hakuridhika, na kwa kuwa mwanawe anapata mkate kwa Kiitaliano, simlaumu.

Ramadhani iliyopita nilipita skulini hapo wakati wa kugawa tende za sadaka. Mtoto wa darasa la nne alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi tupu, kidole kikifuata maandishi ya ubavuni, akisoma polepole kwa sauti ya chuoni: *al-waznu s-safi*. Alirudia mara mbili, kisha akanyanyua kichwa. “Mwalimu, hapa wameandika uzani safi?” Nikamwambia ndiyo, ni uzito wa tende zenyewe bila ya boksi. Akaligeuza boksi upande wa pili kutafuta neno jingine.