Sabuni ya mashine na shimo la septiki

Ndugu, nimekuelewa: tangu ununue mashine ya kufulia, septiki inanuka na unahofia sabuni imeua bakteria wanaomeng'enya uchafu humo. Sabuni ya unga kwa kipimo cha kawaida haiwamalizi. Nyingi za leo zina molekuli zenye mkia ulionyooka wa kaboni, ulioshikana na pete ya kaboni. Bakteria huutafuna kuanzia mwishoni, kaboni mbili mbili, kisha hugeukia pete iliyobaki. Zile za miaka ya 1950 mkia wake ulikuwa na matawi, bakteria wakashindwa kuutafuna vizuri, ndiyo maana mito ya Ulaya na Marekani ilijaa povu. Ila kazi hiyo inataka oksijeni, na ndani ya septiki haipo. Sehemu kubwa humalizikia kwenye udongo wa shimo la kunyonyea maji.

Mimi ningeshuku kwanza klorini ya kung'arishia nguo, na wingi wa maji. Usifue zote Jumamosi, gawanya kwa wiki. Kwangu ilisaidia kuyapa maji ya kufulia shimo lake, mbali na kisima. Unga wa "kuongeza bakteria" nilinunua, sikuona faida.

Harufu ikiendelea, ita mafundi wapime tope na kunyonya. Usiingie shimoni wala kumulika kwa kiberiti: gesi yake huua.