Kilo 40 za chambo Ufaransa: ninunue na "dawa"?

SWALI: Habari kaka. Naishi Northampton, wikendi navua kapi (wale samaki wa carp) kwenye ziwa dogo la klabu, nalala usiku mmoja na mara nyingi sirudi mikono mitupu. Agosti iliyopita tulienda na shemeji Ufaransa kwenye ziwa la kukodi, Jumamosi hadi Jumamosi. Nikamwaga ndoo nzima ya boili, vile vidonge vya chambo vya unga uliochemshwa, siku tuliyofika, alamu ya fimbo haikulia mpaka Jumatano. Mwaka huu kuna jamaa ananiambia nibebe kilo 40 na ananiuzia chupa ya dawa ya kuchovyea, eti kapi wa kule hawagusi boili kavu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Na hizo kilo 40 achana nazo.

Mimi kazi yangu ni kutunza ziwa la kapi hapa Uingereza, na kila kiangazi kikikaribia naulizwa hilihili, tena na watu wanaojua kuvua vizuri tu, ila wakishavuka bahari akili yote inahamia kwenye ndoo. Mkuu, shida yako haikuwa chambo kidogo. Kilikuwa kingi, na sio chako peke yako. Ile Jumamosi asubuhi kundi la wiki iliyotangulia lilikuwa linafungasha, wamebakiwa na mifuko ya boili, nani ataibeba tena kwenye feri? Wanaimwaga palepale walipokuwa wanavua, wengine wanaona kabisa wamewafanyia samaki hisani. Mchana unafika wewe, unapewa nafasi ileile, unamwaga ndoo yako juu ya ya kwao halafu unakaa kusubiri.

Sasa kapi hana mfuko wa tumbo kama sisi. Anasaga chakula kwa meno ya kooni kikiingia kinapita moja kwa moja utumboni, kwahiyo anakula kidogokidogo, hawezi kujaza akahifadhi. Halafu maji ya Agosti: yakiwa nyuzi 10 lita moja inabeba kama miligramu 11 za oksijeni, yakifika 25 inabaki kama 8, na alfajiri inashuka zaidi. Chambo kinachooza chini kinakula hiyohiyo iliyobaki. Ukivuta boili iliyolala siku mbili kwenye maji ya hivyo utaiona imevimba, inateleza kama kitu kilichopakwa mafuta, na harufu imechacha. Kapi anahama anawaachia. Jumatano ndo pengine palianza kusafishika.

Fanya hivi. Jioni ya kwanza usitupe kitu. Zunguka ziwa, na kesho yake kabla jua halijatoka uwe nje unaangalia: anayeruka, matope yaliyotibuka, vipovu vidogovidogo vinavyopanda kwa wingi kama soda iliyofunguliwa. Ukishajua walipo ndo utupe chubwi tupu bila ndoana uivute polepole. Kwenye kokoto utasikia inagongagonga mpaka mkononi, kwenye tope inakaza kidogo kisha inateleza, kwenye majani inanasa. Weka chambo penye kokoto au tope jepesi, boili 15 kuzunguka ndoana zinatosha, ukipata samaki ndo unaongeza nyingine hizohizo. Kilo 10 kwa mtu mmoja wiki nzima ni nyingi, na zikibaki rudi nazo au mpe mwenye ziwa. Kabla hujanunua chochote muulize kwanza, wengine wanakataza chambo cha nje kabisa unanunua cha kwao.

Haya, dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 1952 Richard Walker alivua kapi wa ratili 44, karibu kilo 20, pale Redmire, ziwa dogo la Herefordshire, Uingereza, rekodi ya Uingereza wakati huo. Chambo chake kilikuwa mkate. Mwaka 1980, Redmire hiyohiyo, Chris Yates akatoa wa ratili 51 na nusu kwa punje za mahindi matamu ya kopo. Sasa huyu jamaa na chupa yake isiyo na lebo anakwambia kapi wa Ufaransa wana ulimi tofauti? Muulize ndani kuna nini uone anavyoanza kukupiga chenga. Mchovyo wa duka wenye maelezo yake sina ugomvi nao, hata ugali mgumu uliotiwa bizari unavua. Tatizo ni mtu kuuziwa chupa badala ya kufundishwa kuangalia maji.

Na hao wauza chupa ndo haohao wanaosema chambo cha bei rahisi ni mahindi makavu au njugu, beba gunia umwage. Hapo hatuongelei hela yako tena, tunaongelea kuua samaki wa watu. Punje kavu inavimba ikishaingia ndani, na nimeshaeleza kapi ana utumbo tu. Loweka saa 24, chemsha nusu saa kamili, iache ipoe kwenye maji yake. Taiganati (tiger nuts, zile punje za ndago) hivyohivyo. Karanga usibebe kabisa, wenye maziwa wengi wa Ufaransa hawataki hata kuziona, ukikutwa nazo unafungishwa virago siku hiyohiyo na hela ya wiki hairudi.