Utitiri kwenye Mipapai: Nunua Lenzi Kabla ya Dawa

Kiangazi kikikolea huku Mbeere, Kenya, majani ya mipapai hujaa vidoa vya njano, chini ya jani hutanda utando mwembamba, kazi ya utitiri, vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, na mkulima hukimbilia agroveti, duka la dawa za kilimo. Mimi nakusihi, kabla ya dawa nunua lenzi ya mkono inayokuza mara 10.

Geuza jani ulitazame. Utitiri mwekundu, ule mharibifu, hutembea polepole na mayai yake ni ya duara. Katikati yake huenda ukamwona mwingine wa rangi ya chungwa, anang'aa, miguu mirefu, hatulii hata kidogo. Huyo ni mwindaji, utitiri anayekula utitiri. Nimemtazama akilishika yai la adui, akalifyonza mpaka likabaki ganda, kisha huyoo, kwenye la pili. Hakuna kitu shambani kinachonifurahisha kama hicho.

Dawa za pairethroidi, aina ya dawa za kuua wadudu ambazo hazikosi dukani, humuua mwindaji huyu. Utitiri mwekundu wenyewe umeshazizoea sehemu nyingi, na sasa hauna wa kuula, kwa hiyo hurudi mwingi kuliko mwanzo. Mkulima hudhani kipimo kilikuwa kidogo, anaongeza. Pesa zinateketea hapo.

Kwangu, nilipoziacha dawa hizo, wawindaji wa asili walirudi wenyewe. Palipozidiwa niliongeza wa kununua. Wako wanaofugwa Naivasha na Thika, hasa kwa ajili ya mashamba ya maua. Aina moja, Phytoseiulus persimilis, hula utitiri wa utando tu, kama huu mwekundu, na huumaliza upesi, ila hewa ikiwa kavu mayai yake hayaanguliwi vizuri. Kwa joto letu nampendelea mwindaji mwingine, Neoseiulus californicus. Huvumilia ukavu, na mawindo yakipungua hujikimu kwa chavua, ule unga wa maua, basi usifyeke kila ua lililo kati ya mistari.

Wafungulie jioni, siku ileile wanapofika. Chupa waliyomo isikae juani, na izungushe taratibu kwanza kwa sababu hupenda kujikusanya juu. Usingoje majani yakauke ndipo uagize. Wakiwa wachache mno mbele ya adui mwingi, watachelewa.

Mipapai ya kando ya barabara huanza kushambuliwa kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo nyunyizia njia maji. Mti uliolemewa kabisa, upige sabuni ya potasiamu chini ya majani. Ikishakauka haiwadhuru wawindaji, unaweza kuwaweka.