Tutrekta twa Karen na kaunta ya spea: kwa aliyeuliza wauzaji wa zamani

Ndugu uliyeuliza juzi: umeachiwa na mjomba trekta ndogo ya kukatia nyasi, injini yake Briggs & Stratton, imelala bandani huko Karen miaka mingi, na unataka kujua ni nani waliokuwa wakiuza mashine hizo Nairobi na kama yupo aliyebaki. Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wanakuambia uiuze kwa kilo. Nakuomba usiiguse kwanza, nisome hadi mwisho.

Mimi nilikaa kwenye kaunta ya spea ya duka moja la mashine za bustani, Industrial Area, kuanzia 1986 mpaka lilipofungwa. Kabla yangu baba alikuwa fundi katika karakana ya nyuma ya duka hilohilo. Jina la duka sitalitaja, maana kuna mambo ya mwisho wake yanayoniuma mpaka leo na wenyewe hawapo hapa wajieleze.

Tulikuwa tukiishi Mbotela, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Shule zikifungwa, baba alinichukua asubuhi tukatembea, tunapita Makongeni, tunavuka reli, tunaingia kwenye ule mtaa wa magodauni ambao harufu yake ilikuwa ya sabuni, mpira na oili moto kwa pamoja. Siku nyingine alinizungusha Lusaka Road ili tu nione mashine. Huko ndiko walikokuwa wakubwa. CMC, walioanza 1948, walikuwa na magari upande mmoja na vyombo vya kilimo upande mwingine. Kampuni hiyo ilikuja kununuliwa na Al-Futtaim wa Dubai mwaka 2014. Car & General, waliozaliwa Nakuru 1936, walikuwa na pikipiki, jenereta na zile injini ndogo. Nje kidogo ya Lusaka Road kulikuwa na Gailey & Roberts, ambao ni wakongwe kuliko hao wote: walianza 1904, Nairobi yenyewe ikiwa na umri wa miaka mitano tu tangu reli ifike. Caterpillar za njano zilipangwa uani kama ng'ombe zizini, na nilishika waya wa ua nikazihesabu. Kazi hiyo ya Caterpillar siku hizi iko kwa Mantrac.

Lakini mashine kama ya mjomba wako haikuwa chakula cha hao wakubwa. Mtu anayeuza trekta la kulima ekari mia hana subira na mteja anayetafuta mkanda wa mashine ya bustani. Kazi hiyo ilifanywa na maduka madogo ya vichochoroni, kaunta moja, karakana moja, mashine mbili tatu dirishani. Vijana wa karakana waliziita tutrekta, na jina hilo lilienea hadi kwa wateja.

Kwa nini zilikuwa na soko? Karen, Lang'ata na Muthaiga kiwanja cha ekari tano kilikuwa cha kawaida. Shule za bweni zilikuwa na viwanja vya raga. Kulikuwa na vilabu vya gofu: Royal tangu 1906, Karen tangu 1937. Na kulikuwa na nyasi zetu wenyewe. Nyasi za Kikuyu zimetoka nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, zikachukuliwa hadi Australia na California, na popote zilipofika watu walizipenda kwa kustahimili kiangazi kisha wakalia zikinyeshewa. Zinatambaa na kusukana kama mkeka. Mashine za silinda za Kiingereza, zile ambazo visu vyake vimezungushwa kwenye pipa linalobingirika, mfano Atco za Birmingham, zilitengenezwa kwa nyasi laini. Ukiziacha nyasi za Kikuyu wiki mbili za mvua ya Aprili, silinda inasakama. Ndiyo maana mashine za kisu cha kuzunguka zilishinda hapa mapema, na mwenye ekari tatu au nne alitaka ile ya kukaliwa. Kila Machi karakana ilijaa hadi barabarani, kwa kuwa watu walikumbuka mashine zao mawingu yakishaanza kukusanyika Ngong.

Jambo lingine ambalo duka lilijua na mnunuzi hakulijua ni urefu wa mji huu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Karen ni juu zaidi. Injini ya petroli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: ile injini iliyoandikwa nguvu za farasi 8 hapa inakupa 6 na kitu, na kama kabureta, kile kichanganyaji cha petroli na hewa, imeachwa ilivyotoka kiwandani, inakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuichoma, plagi ya kuwashia inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Baba hakutoa mashine mpya dukani kabla ya kurekebisha kabureta yake, au kubadilisha jeti, kitundu cha kupitishia petroli, kwa zile zisizo na skrubu ya kurekebishia. Watu waliojiletea mashine kwa meli kutoka Uingereza walikuja wakilalamika kwamba wameuziwa kitu dhaifu. Dakika ishirini mezani kwa baba, wakaondoka wameridhika. Hakuna aliyelipia ujuzi huo. Ulikuwa sehemu ya bei.

Acha nikueleze kaunta yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoikumbuka unapouliza wauzaji wa zamani.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Ngara, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta hiyo tangu kabla ya Uhuru. Nyuma yake kulikuwa na droo ndogo za mbao, mamia, kila moja na namba kwa kalamu ya risasi. Pembeni vitabu vya spea, vinene, kurasa zimegeuka rangi ya chai kwa oili ya vidole. Na kulikuwa na sanduku la kadi. Kila mashine iliyouzwa ilikuwa na kadi yake: namba ya injini, tarehe, nyumba ilikokwenda, kila ilichobadilishiwa. Ungekuja baada ya miaka kumi na miwili na kusema "ile ya nyumba ya kona, Hardy", angevuta kadi.

Katika mwezi wangu wa kwanza alikuja mtunza bustani kutoka Karen, ameshuka basi namba 24 na kutembea kutoka mjini, kisu cha mashine amekifunga kwa gunia. Kimepinda. Akasema mashine ilizimika ghafla na sasa haiwaki. Nilimuuzia kisu kipya na plagi mpya, nikaandika risiti, nikajiona nimefanya kazi. Kesho yake akarudi. Haikuwaka, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba pesa za plagi atazikata kwenye mshahara wake. Alisimama kaunta hajui aseme nini, mimi pia.

Mzee akasogea. "Bwana, ilipiga jiwe?"

"Kisiki, mzee. Cha mparachichi."

Hakuuliza kingine. Akafungua droo moja, akatoa kipande cha chuma laini kisichozidi fundo la kidole. Kipande hicho hukaa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na krenki, mhimili unaozungushwa na injini, na kimetengenezwa laini kwa makusudi: kisu kikigonga kitu kigumu, kipande kinakatika ili krenki isipinde. Kikishakatika hata kidogo tu, flaiwili inahama, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) inaharibika, na unaweza kuvuta kamba hadi jioni. Bei yake ilikuwa shilingi chache. Plagi aliirudisha kwenye droo, akamrudishia yule bwana pesa yake na kumwandikia barua fupi kwa tajiri wake kueleza kwamba kosa lilikuwa la duka. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa upole kwamba mteja hanunui spea, ananunua mashine iwake.

Nimefanya kazi sehemu nyingi tangu hapo. Sijakutana tena na mwuzaji aliyekubali kuandika barua kama ile.

Sasa, yaliharibikaje? Watu hapa wamelaumu mashine za Kichina. Sikubaliani nao kabisa. Mwaka 1993 serikali ilipoondoa leseni za kuagiza bidhaa, ni kweli soko lilifunguka na mtu yeyote mwenye kontena akawa mwuzaji. Hilo lilituumiza, kwa sababu duka lenye fundi, vitabu na kadi haliwezi kushindana bei na mtu mwenye kontena tu. Lakini kilichotuua ni shoka la viwanja. Ekari tano zikawa nusu ekari kumi, nusu ekari ikajengwa nyumba nne zenye ukuta na maegesho ya kabro. Mahali pa kugeuzia katrekta hapakuwepo tena. Kipande cha nyasi kilichobaki kinamalizwa kwa ile mashine ya kubeba begani kwa nusu saa. Mteja hakuhamia kwa mshindani wetu; bustani yenyewe ndiyo iliyoondoka.

Kwenye kufunga ndiko kwenye kidonda changu. Mzee wa kaunta alikuwa ameshastaafu. Waliorithi duka waliuza meza, mashine za kunolea, hata droo zile za mbao zilipata mtu wa kuweka misumari. Vitabu na kadi waliamua havina thamani. Nilifika asubuhi nikakuta pipa uani linatoa moshi, na kadi za miaka zaidi ya thelathini zimo ndani. Niliomba nikapewa nilichoweza kubeba kwa mikono miwili: vitabu vitatu. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na hakusema neno njiani hadi Mbotela. Godauni lile sasa linauza vigae.

Haya, turudi kwa mashine ya mjomba wako.

Usianze kwa kuvuta kamba. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu, uzungushe injini pole kwa mkono. Ikizunguka bila kukwaruza, una mashine. Mwaga petroli yote iliyomo, hata kama tangi linaonekana kavu, kwani kilichogandia chini ndicho kitakachoziba kabureta. Mwaga na oili ya injini, uweke SAE 30 mpya.

Halafu tafuta bati linalofunika flaiwili, lisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa. Utaona namba zimegongwa kwenye bati lenyewe, mafungu matatu. Fungu la kwanza ndilo modeli, na tarakimu zake za mwanzo zinakuambia ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo: ikianza na 19, ni inchi 19, yaani kama sentimita 311 za ujazo, ile ya farasi 8 iliyokuwa maarufu sana hapa. Fungu la tatu ni tarehe ya kuzaliwa: mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata mwezi, mbili zinazofuata siku. Ukiwa na mafungu yote matatu, huna haja ya duka la zamani kukutambua. Mwuzaji yeyote wa Briggs & Stratton duniani atajua unataka nini.

Ikiwa mwaka ni kabla ya 1982, yaelekea chini ya flaiwili kuna pointi na kondensa, vifaa vya zamani vya kutoa cheche, na baada ya kulala miaka yote hiyo zitakuwa zimeota kutu. Usihangaike kuzisaka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea. Mwaka huo Briggs walitoa koili ya kielektroniki waliyoiita Magnetron, na injini zao nyingi za zamani za silinda moja zinaikubali bila pointi. Na ukiwa umeshafungua flaiwili, kiangalie kile kipande laini. Pitisha ukucha juu yake. Ukihisi kidaraja, badilisha.

Kuhusu waliobaki: anza na Car & General, Lusaka Road. Kwa miaka mingi ndio tuliokuwa tukiwakimbilia sisi wa vichochoroni tulipoishiwa spea za Briggs. Nenda na namba zilizoandikwa kwenye karatasi, usiende na maelezo ya rangi.

Ukikwama, niandikie hapa hayo mafungu matatu nami nitafungua vitabu vyangu. Kipya zaidi kati ya vile vitatu ni cha 1991, kwa hiyo tarehe ya injini yako ikianza na 92 kwenda mbele, sitaweza kukusaidia kwa kitabu. Ikiwa ni ya nyuma ya hapo, nipe jioni moja.