Maswali ya Wasomaji: Fedha za Shamba la Kikundi

*Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha watu saba wenye ulemavu, Hombolo, wawili wetu wanatumia viti mwendo. Tuna robo eka na kisima kifupi. Tunataka kuchangisha kwa majirani, kanisani na msikitini ili tuweke umwagiliaji wa matone. Tumewaza milioni tano. Zinatosha?*

Ndugu zetu, hamjatuambia kisima kinatoa maji kiasi gani, na hesabu inaanzia hapo, si kwenye bei ya mipira ya matone.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Kwa kuwa mna viti mwendo, fanyeni tuta la upana wa mita 1 na njia ya mita 1. Aliyekaa atafikia katikati ya tuta kutoka upande wowote, na kiti kitapita bila kukanyaga miche. Kama ardhi ni ya kichanga, njia ishindiliwe moramu, la sivyo magurudumu yatazama. Hapo matuta yanabaki nusu ya eneo, mita za mraba 500. Kwa jua la Dodoma la Septemba na Oktoba, mboga iliyofunika tuta hutaka kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Ongezeni lita 1 ya upepo na mivujo. Jumla lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20, kila siku ya Mungu.

Sasa pimeni kisima, na mkipime mwisho wa kiangazi. Ukikipima Machi kitakudanganya. Tekeni mfululizo mpaka maji yaishe, mpumzike saa nzima, kisha mteke tena mkihesabu madumu. Hesabu ya mara ya pili ndiyo kipimo chenu. Ile ya kwanza ni maji yaliyolala usiku. Tuseme kimerudisha madumu 10 kwa saa. Kwa saa 10 mmepata lita 2,000, zinazotosha mita za mraba 330 za matuta. Limeni hizo. Mkitandika mipira shamba zima kwa maji ya theluthi mbili, mboga zote zitadumaa pamoja, na mipira itaishia kuwa kamba za kuanikia nguo.

Mita za mraba 330 ni matuta 33 ya urefu wa mita 10. Kila tuta linataka mistari miwili, kwa hiyo mpira mita 660, wenye matundu kila sentimita 30: matundu 2,200. Tangi liinuliwe mita 1 hadi 1.5 kutoka chini, na koki ya kufungulia iwe kwenye urefu wa mkono wa aliyekaa. Fundi akiachiwa mwenyewe ataiweka anapofikia yeye.

Chujio ndicho kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana, na ndicho kinachoua mradi. Mchanga mdogo unaingia kwenye tundu na hautoki. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, yanayoacha utando mweupe wa chokaa. Nunueni chujio la wavu wa meshi 120 (vitundu 120 kwa kila inchi), lioshwe kila mara, na kila wiki fungueni ncha za mipira yote maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi.

Kuhusu kuomba: badala ya kutaja milioni tano, gaweni gharama yote (tangi, jukwaa lake, chujio, mabomba, mipira, mbegu, samadi, na asilimia 10 ya vipuri) kwa 33. Mnapata bei ya tuta moja. Mtu asiyeweza milioni anaweza kulipia tuta, au jumuiya ndogo ya kanisa ikachukua mawili. Andikeni namba ya tuta kwenye kibao ili mchangiaji akija alione. Fedha ziingie akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini watatu, si simu ya mweka hazina, hata kama ni mtu wa ibada. Na kama kuna mwenzenu asiyeona, kila noti ihesabiwe kwa sauti mbele ya mkutano. Hiyo inawasaidia na wanaoona.

*Mhariri, kikundi chetu ni cha wanawake 12 wa Chamwino, wengi wajane. Wafanyakazi wa Mji wa Serikali, Mtumba, wamesema watatulipa mapema tuwapelekee mboga kila wiki. Tuchukue fedha ya miezi mitatu kwa mkupuo?*

Hapana, mama zetu. Familia 20 zikilipa 5,000 kwa wiki, wiki 12 ni 1,200,000. Fedha hiyo ikiingia yote siku moja, itapata shida nyingi za kutatua kabla ya mbegu. Chukueni 20,000 kwa kila familia kila mwezi, siku mbili tatu baada ya mishahara. Awamu ya kwanza inunue mbegu na samadi, na kikapu cha kwanza kitoke wiki ya tano. Waambieni hivyo kabla hawajatoa hata shilingi.

Mchicha unavunwa wiki ya 3 hadi ya 4, chainizi ya 4 hadi ya 5. Sukuma wiki inachelewa, kama miezi miwili, lakini ikianza mnachuma kwa miezi. Nyanya msiiahidi kabisa msimu wa kwanza: kantangaze (kiwavi anayetoboa nyanya) akiingia, mmekula fedha za watu na hamna cha kupeleka.

Tuchukulie kila familia inapata kilo 1.5 za majani kwa wiki. Familia 20 ni kilo 30. Hesabuni kilo 1 tu kwa mita ya mraba, hata kama shamba zuri hutoa zaidi. Mnahitaji mita 30 za kuvuna kila wiki, na kwa kuwa mchicha unakaa wiki nne, ziwepo mita 120 zilizopandwa kwa zamu, pamoja na 30 za akiba. Kosa la kawaida ni kupanda zote siku moja: wiki ya nne mboga zinamwagika, wiki ya sita mnaenda kununua soko la Majengo ili kujaza vikapu, kwa hasara. Mkijiona hamjazoea, anzeni na familia 12.

Tena msianze Januari. Mvua zikinyesha kila ua una mlenda na msusa wa bure, na hakuna atakayelipia mboga. Anzeni vikapu Juni, mfike Oktoba, wakati mboga ni adimu.

Andikeni karatasi moja isemayo mavuno yakipungua kikapu kinapungua kwa wote sawa, na wiki isiyo na mboga inafidiwa mwishoni. Wengi wanakubali. Kinachowakera ni kimya.

*Tunaweza kutumia fedha za VICOBA (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) kununulia pampu?*

Za hisa, hapana. Siku ya kugawana zitatakiwa taslimu, na pampu haigawanyiki. Anzisheni mfuko wa shamba pembeni, wenye daftari lake, mchango wake wa kila kikao na kasha lake.

*Na ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri?*

Upo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisitishwa 2023, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: usajili wa kikundi, katiba, akaunti, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa, na andiko la mradi. Andiko likitaja lita, mita na wanunuzi kama hapo juu, lina uzito kuliko kurasa kumi za "kuinua uchumi". Ni deni, si ruzuku. Ombeni marejesho yaanze baada ya mavuno ya kwanza. Mkianza kulipa kabla ya kuuza, mtalipa kwa fedha ileile mliyokopa.

*Shamba tumekodi kwa maneno tu. Je, tuchangishe?*

Bado. Tangi na mipira vikishaonekana, mwenye shamba hukumbuka kuwa mwanawe anataka kulima. Andikianeni mbele ya mtendaji, mashahidi pande zote, muda usiopungua miaka 4, na kifungu kwamba vifaa ni mali ya kikundi na vitang'olewa mkiondoka. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, kwa hiyo ombeni eneo kwa halmashauri ya kijiji na mfuatilie hati ya hakimiliki ya kimila. Kama mko ndani ya Jiji la Dodoma, pitieni kwanza ofisi ya mipango miji muulize eneo hilo limepangwa kuwa nini. Mashamba mengi ya pembezoni yanapimwa viwanja, na bikoni, ile nguzo ya mpaka wa kiwanja, haiangalii kama mchicha umeiva.