Wadogo zangu wa TiddlyWiki, hebu fungueni Downloads

Jana mdogo wetu mmoja kaniletea laptop machozi yanamlenga, notsi za wiki tatu hazipo. Nafungua Downloads nakuta notsi(1), notsi(2), mpaka notsi(46). Sikumgombeza, ila jamani, hili tutalirudia mpaka lini?

1. Jua unasevu wapi. TiddlyWiki ni daftari la notsi lililo ndani ya faili moja la HTML, ndivyo Jeremy Ruston alivyoianza 2004, unaitia kwenye flashi unaifungua popote bila bando. Lakini brauza kwa kawaida haiandiki juu ya faili ulilofungua, inakushushia kopi nyingine. Mimi nilikuwa na TiddlyFox, kiongezi cha brauza ya Firefox, inasevu palepale, raha mustarehe. Novemba 2017 ikaja Firefox 57, TiddlyFox ikafa, mimi nikaendelea kubonyeza sevu tu. Kila asubuhi nilikuwa soko la samaki la Feri nahoji wachuuzi wa samaki kwa ajili ya tasnifu, nikirudi naandika, tabu ya brauza siifungi, laptop nailaza tu, kwa hiyo kila kitu nakiona kipo. Diski ikajaa nikafuta Downloads yote, na pipa la taka nikalimwaga. Usiku ule umeme ukakatika, betri yangu ilikuwa mbovu, kuwasha nafungua faili la desktop, notsi ya mwisho ni ya Oktoba! Nilikaa chini sakafuni. Kulikuwa na mama mmoja anachukua samaki alfajiri kwa mali kauli, jioni analipa, alinipigia hesabu yake yote kwa mkaa juu ya boksi, barafu, bajaji, ushuru, mpaka faida inayobaki. Nimerudi Feri mara tatu kumtafuta, sijamwona.

2. Tumia TiddlyDesktop, programu inayosevu kwenye faili lenyewe, au iendeshe TiddlyWiki kwa Node.js, ambako kila tiddler, yaani notsi moja, ni faili lake. Na bakapu kila siku, tafadhali.

3. Acheni kujenga tagi 80 wakati notsi ziko 12. Andika kwanza.

4. Weka linki hata kama tiddler haijaandikwa, [[hivi]], halafu pita kwenye orodha ya Missing uone unachodaiwa. Kwenye lile faili langu la Oktoba ipo moja, [[Mama wa mali kauli]], niliiweka siku ya kwanza nilipokutana naye. Bado imelala kwa italiki, ukiibonyeza inafunguka tupu.